Geji ilivyonifanya mjinga mara mbili

Mara ya kwanza kutoa bia yangu mwenyewe kwenye kegi (pipa la chuma la bia) karibu niaibike mbele ya wageni. Nilikua na kegi mbili za lita 19, bia imeshajijaza gesi humo humo kwa sukari, kilichobaki ni gesi ya kuisukuma tu. Shemeji akakomaa tuchukue nitrojeni, eti povu linakua laini kama maziwa. Kweli stauti, ile bia nyeusi, hutolewa hivyo, lakini ile ni mchanganyiko, nitrojeni kama asilimia 75 na iliyobaki CO2 (kabonidioksaidi), halafu inataka koki yake yenye kisahani cha vitobo vidogo. Nitrojeni tupu kwenye bia ya kawaida, baada ya siku kadhaa unakunywa kitu kimepooza hakina hata mapovu.

Ubishi aliumaliza fundi wa kujaza gesi. Akachukua regyuleta yangu (kifaa cha kupunguza presha ya mtungi) akaisogeza kwenye mtungi wa nitrojeni, nati haikushika. "Haziingiliani makusudi," akasema, maana ule mtungi unaweza kufika presha ya bar 200 na wa CO2 kwenye joto la nyuzi 20 haufiki hata 60. Basi nikabeba CO2 ya kilo mbili nikaondoka, shemeji kanuna.

Usiku nikafunga, nikaweka presha ya kusukuma bia psi 12, nikatia kila kitu kwenye friji. Baada ya masaa kadhaa nachungulia, geji ya mtungi (saa ya kupima presha) imetoka bar 50 na kitu iko chini ya 40! Nikapaka povu la sabuni kwenye mipira yote mpaka friji nzima ikawa kama beseni la kufulia, hakuna hata povu moja lililovimba. Kumbe ni baridi tu, CO2 mle ndani ni maji maji, ikipoa presha inashuka yenyewe. Nikajiona nimeshakua mtaalamu, kesho yake geji imetulia palepale siku nzima nikasema safi, hapa pamekaa.

Asubuhi ya sherehe, sifuri.

Yaani ilikua inavuja muda wote ule geji imetulia, maana presha haishuki mpaka tone la mwisho la yale maji liishe, ndo idondoke ghafla. Nikauweka mtungi kwenye mizani, uzito uleule wa mtungi bila gesi uliogongwa shingoni, mtupu kabisa. Zaidi ya lita elfu moja za gesi zimeingia chumbani na mimi nalala chumba cha pili, nikafungua madirisha yote kwanza kabla ya kufikiria bia.

Mahali penyewe ni pale regyuleta inapokutana na mtungi, sehemu pekee ambayo sikuipaka sabuni. Washa (kipete cha kuziba) ndogo nyeupe ya plastiki, kubwa kama shilingi, nilikua nimeitoa niisafishe. Nikaikuta kwenye mfuko wa suruali, imefuliwa.

Fundi alitujazia tena saa nane mchana, wageni wakaanza kunywa saa kumi badala ya saa sita. Shemeji glasi mkononi akaniambia, "Ungechukua nitrojeni ungeiona geji ikishuka kidogo kidogo, ungeshtuka mapema." Nikataka kumbishia nikakosa pa kuanzia, maana nitrojeni hukaa gesi tupu mtungini na geji yake husema kweli. Nikamuongezea bia tu.