Ulimfundisha dakika ngapi?

Miaka kadhaa nyuma niliitwa kutoa ushahidi wa kiapo hapa Ohio, siyo mahakamani, ni ofisini kwa mawakili, chumba cha mikutano chenye meza ndefu, jagi la maji, na mama mmoja pembeni anachapa kila neno unalotema hadi ukikohoa. Wakati huo mimi ni askari wa jela ya kaunti na jioni nawafundisha wenzangu pingu, kirungu, namna ya kumlaza mtu chini bila kumuumiza. Askari mmoja aliyepita kwenye darasa langu alikuwa kashtakiwa na mahabusu aliyevunjika mkono. Mimi sijashtakiwa, nimeitwa tu kueleza, nikaenda na tai yangu nimejiamini kabisa.

Wakili wa upande wa pili, mzee mpole balaa, akanisogezea karatasi. Sahihi yako hii? Ndiyo. Imeandikwa masaa manne ya pingu, sawa? Sawa. Darasani mlikuwa wangapi? Kumi na sita. Pea za pingu ngapi? Tatu. Wakufunzi? Mimi peke yangu. Haya, huyu kijana kwa mikono yake mwenyewe alishika pingu dakika ngapi?

Kimya. Yule mama akaacha kuchapa. Mimi kichwani naikumbuka ile jioni vizuri tu, tulichelewa kuanza tukisubiri pizza, alafu theluji ikaanza nikawaruhusu mapema watu wakawahi barabara, na kwenye karatasi nikaandika manne kwa sababu siku zote inaandikwa manne.

Kesi iliisha kwa makubaliano, kaunti ikalipa, kazi sikufukuzwa. Ila tangu siku ile nikaanza kusoma haya mambo ya lini mkufunzi anabeba lawama, maana kabla ya hapo nilidhani kazi yangu inaishia mlangoni, kuruta akitoka amepass yatakayotokea huko mtaani ni yake na bosi wake.

Sasa mzizi wa yote haya uko Canton, mji wa humu humu Ohio, masaa mawili tu kwa gari kutoka ninapokaa. 1978 mwanamke mmoja alikamatwa kwa mwendokasi, alipofika kituoni akawa anadondoka, wakamwinua akadondoka tena, mwishowe askari wakamwacha sakafuni ili asidondoke tena (yaani suluhisho ndo hilo!) na hakuna aliyeita daktari. Alipoachiwa ndugu zake ndo wakatafuta ambulensi, akalazwa. Kumbe taratibu za kituo zilimpa mkuu wa zamu mamlaka ya kuamua nani anahitaji matibabu, lakini hawakumfundisha ajue vipi zaidi ya huduma ya kwanza. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, 1989 wakasema ndiyo, mji unaweza kushtakiwa kwa kutofundisha askari wake, ila uoneshe ni kutojali kwa makusudi, na kwamba pengo hilo la mafunzo ndilo lililosababisha madhara. Wakasema pia mafunzo mazuri yaliyoendeshwa kizembe mara moja moja hayatoshi kuubana mji. Nilivyosoma hapo nikapumua kidogo, pizza yangu naona iko humo.

Wanaoshtaki wanatumia sheria ya haki za raia ya 1871, ya enzi za baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na kitu wengi hawakijui ni kwamba ile kinga ya kutodaiwa wanayojifichia askari mmoja mmoja, mji au kaunti haina. Ndo maana mawakili wanakimbilia mafunzo, hela iko kwa mwajiri na mlango wa kuingilia ni darasa lako, mtaala wako, karatasi ya mahudhurio.

Kuna kesi nyingine ya 1979 ya Margate, New Jersey, naipenda (kama mtu anaweza kupenda kesi) kwa sababu hakimu aliingia ndani kabisa ya shabaha. Askari anamkimbiza mtuhumiwa usiku mtaa wa makazi, baba wa watu katoka nje kwake, kapigwa risasi kafa. Yule askari mafunzo yake ya chuo ni ya miaka kama kumi nyuma, baada ya hapo analenga shabaha mara mbili kwa mwaka, kitu kimesimama, mchana. Kufyatua usiku, shabaha inayotembea, majumba kulia na kushoto, hajawahi kufundishwa. Sasa nendeni kwenye range zetu, viwanja vya shabaha, leo mtazame.

Hizo ni kesi za madai tu, za kudai fidia. Jinai ndo inanitisha. 2013 mkufunzi wa polisi Baltimore alikuwa kwenye mazoezi ndani ya hospitali iliyofungwa, kiunoni ana bastola mbili, moja ya mazoezi inayorusha rangi na moja ya kazi, akachomoa ya kazi, kijana akapigwa kichwani akapoteza jicho. Mkufunzi akafungwa siku 60. 2016 Punta Gorda, Florida, raia wamealikwa kujionea kazi ya polisi, bibi wa miaka 73, mkutubi mstaafu, kachaguliwa aigize mbele ya mumewe, askari akamfyatulia akijua ni risasi baridi, kumbe za moto, bibi akafa. Askari hakupinga shtaka la kuua bila kukusudia akapewa miaka 10 ya uangalizi nje, mkuu wa polisi akashtakiwa kwa uzembe akashinda, mji ukalipa familia zaidi ya dola milioni 2. Na 2022 Washington DC, luteni mstaafu wa polisi anawafundisha walinzi wa maktaba kutumia virungu. Virungu! Akachomoa bastola kiutani, dada wa watu akafa.

Zote tatu, kanuni iliyovunjwa siyo ngumu. Ni kuchungulia chemba tu, pale risasi inapokaa, na mtu wa pili achungulie.

Nilimpigia anko wangu aliyewahi kuwa mkufunzi depo ya polisi Moshi, Tanzania, nikamsimulia. Akaniambia mwanangu, huku mtu anaishtaki serikali, anaanza na notisi ya siku 90, anamuunganisha Mwanasheria Mkuu, mimi nimefundisha miaka yote ile sijawahi kuulizwa dakika. Alafu akauliza, hizo bastola zenu za mazoezi zikoje? Nikamwambia za plastiki, rangi ya bluu, inatakiwa zisifanane na za kweli. Akacheka sana. Sisi tulikuwa na bunduki za mbao, alisema, kuruta akiipoteza anachonga nyingine.

Kisha akaniuliza hela ya bati imefikia wapi.