Nimeingia nyumba ya Mwalimu pale Magomeni

Miaka yote hii niko Dar, mwendokasi napita nayo Morogoro Road karibu kila siku, na sijawahi kuingia ile nyumba ya Mwalimu Nyerere pale Magomeni mtaa wa Ifunda. Juzi nikasema leo nashuka. Nikashuka kituo cha Usalama, nikauliza wazee kwenye kahawa, wakanielekeza vizuri kabisa.

Jamani ile nyumba ni ndogo. Ukipita haraka unaipita, yani imekaa katikati ya majirani kama nyumba yoyote ya Magomeni. Nikasimama sebuleni, nje watoto wanagombania mpira na mimi ndani nasikia kila neno, hapo ndo mwili ukanisisimka maana nikawaza, sasa hawa watu walikuwa wanapanga mambo ya uhuru humu humu, makachero wa mkoloni wanawafuatilia, na dirisha liko pale pale karibu na mtaa. Walikuwa wananong'ona au walikuwa wanaongea tu liwalo na liwe? Nikabaki naangalia lile dirisha muda mrefu kuliko vitu vingine vyote.

Na kitu ambacho tunakisahau ni kwamba Mwalimu alipohamia Magomeni alikuwa ameshaacha kazi yake ya mshahara. Mtu amesoma Edinburgh, karudi 1952, anafundisha Pugu pale shule ya St. Francis, kazi ya heshima kabisa kwa Mwafrika wakati ule. TANU, chama kilichodai uhuru, ikazaliwa 7 Julai 1954, Machi 1955 akaenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kurudi akaambiwa achague, ualimu au siasa. Akaacha kazi mwezi huo huo, na watoto anao. Kwanza akapokelewa na mwenzake wa TANU, Abdulwahid Sykes, kule Kariakoo, baadae ndo akawa na hapa kwake. Mkewe, Mama Maria, akawa anauza mafuta ya taa kwenye kiduka. Mi naona Mama Maria tunamtaja kidogo sana kwenye hii historia, maana mume akiwa mikoani anahutubia, mtu wa kujua watoto watakula nini alikuwa yeye.

Halafu 1958 ikaja ile kesi ya kashfa sababu ya makala Mwalimu aliyoandika kwenye Sauti ya TANU, jarida la chama, hakimu akampa achague, faini ya shilingi 3,000 au jela miezi 6. Faini ikalipwa. Shilingi 3,000 ya mwaka ule ilikuwa hela nzito.

Chumbani sikukaa sana, nilijisikia kama naingia chumba cha mzee wa watu bila hodi. Ila kuna kiti cha mbao, sikukigusa, nikainama tu nikakiangalia pale mkono unapoegemea, mbao imelainika inang'aa. Nikamkumbuka babu, maana kiti chake kilikuwa hivyo hivyo, na babu alikuwa na kadi ya TANU aliyokuwa haruhusu mtoto yeyote kuishika.

Nilipotoka tu nikampigia mama nikamuuliza ile kadi iko wapi. Akasema ipo, kwenye sanduku la bati, imefungwa kwenye kitambaa. Jumamosi naifuata.