Kila mtu aliniambia Dar kuna joto: nilivyoipata oili inayolifaa gari langu

Nilinunua Toyota IST yangu ya 1,300 cc mwaka 2019, ikiwa na kilomita 81,000 kwenye dashibodi, na wiki haikuisha kabla sijapokea ushauri wa oili kutoka kwa watu wasiopungua sita. Ushauri wote ulisimama juu ya sentensi moja: "Dar kuna joto, weka oili nzito." Alisema fundi, akasema jirani, akasema mlinzi wa ofisini kwetu ambaye hajawahi kumiliki hata pikipiki. Niliufuata ushauri huo kwa miezi minane, na kinyongo chake ninacho hadi leo.

Fundi wangu wa kwanza alikuwa na gereji chini ya mwembe, huku kwetu Kimara. Alifungua boneti, akainamisha kichwa akiisikiliza injini kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto, kisha akatoa hukumu: "Bosi, hili limetumika sana huko Japani, injini imeshalegea. Tuweke 20W-50, ile nzito, itaishika." Nikakubali, kwani neno "itaishika" lilinipa faraja ambayo siwezi kuieleza. Dumu lilikuwa la lita 4 naye akalimimina lote, akaligeuza juu chini na kuliacha lidondoke hadi tone la mwisho, huku akinieleza kwamba oili ni fedha na haifai kubakizwa. Mimi nilisimama pembeni nikijipongeza kwa kupata fundi asiyeiba.

Nilikuja kufahamu baadaye sana kwamba injini hiyo inahitaji lita 3.7 ukibadilisha na chujio, na 3.4 ukiliacha chujio la zamani, kama alivyoliacha yeye. Kwa hiyo nilikuwa nazunguka na zaidi ya nusu lita isiyotakiwa, na oili ikizidi, kranki, chuma kinachozunguka chini ndani ya injini, huifikia na kuipiga kama mtu anayekoroga uji, ikatoka povu, na povu halilainishi chuma. Kijiti cha kupimia kilikuwa kinasema hayo yote. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa kidole, lakini mimi niliona hiyo ni neema.

Dalili zilianza alfajiri. Ninaondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu ili niiwahi Barabara ya Morogoro kabla haijafunga, na kila nilipowasha gari injini ilitoa mlio wa kokoto ndani ya debe kwa sekunde mbili tatu, halafu ikatulia. Fundi alisema ni uzee. Mafuta ya elfu hamsini, ambayo mwanzoni yalinifikisha Ijumaa jioni, yakawa yananiachia wasiwasi tangu Alhamisi asubuhi. Fundi alisema ni foleni. Nadhani ningemwambia kwamba kiti kimechanika, angesema ni joto.

Jirani yangu, mzee mmoja mstaafu mwenye Land Cruiser ya dizeli ya injini ya 1HZ, alinisikia nikiwasha gari akaniita getini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia: "Mwanangu, hilo gari lako linalia. Mimi hili langu nalitia 15W-40 miaka yote, halijawahi kunipeleka gereji kwa ajili ya injini." Akanipa dumu lake lililobaki nusu, akakataa katakata nisilipie. Mzee hakukosea hata kidogo kuhusu gari lake. Lakini oili yake ilikuwa imeandikwa CI-4, na C mwanzoni mwa alama hizo ina maana kwamba oili imelengwa injini za dizeli, ilhali za petroli huanza na S. Ukikuta zote mbili kwenye dumu moja, kwa mfano SL/CF, itazame iliyotangulia, kwani ndiyo injini ambayo mtengenezaji aliifikiria kwanza. Sikumrudishia mzee dumu lake, kwa kuwa ingekuwa utovu wa adabu. Bawaba za geti langu hazijalia tangu mwaka ule.

Jibu la swali langu nililikuta Jumapili moja nikiosha gari, mahali ambapo nilikuwa napagusa kila siku. Kwenye fremu ya mlango wa dereva, upande unaofichika mlango ukifungwa, kulikuwa na kistika kidogo cha rangi ya njano kilichochakaa pembeni, chenye maandishi ya Kijapani yaliyojazwa kwa kalamu. Sikuelewa kitu isipokuwa tarakimu: 28.6.12, kisha 74,310, kisha 5W-30. Magari mengi yanayotoka Japani huja na vistika vya namna hiyo, na wengi wetu huvibandua siku ya kwanza kwa sababu vinaonekana uchafu.

Hapo nikajipotosha kwa kujiamini kabisa. Nilisoma tarehe kama anavyosoma mtu wa Dar, yaani tarehe 28 Juni 2012, nikapiga hesabu: kama mwaka 2012 gari lilikuwa na kilomita 74,310, na mwaka 2019 lilishuka bandarini likiwa na 81,000, basi Mjapani huyo aliliendesha chini ya kilomita elfu moja kwa mwaka, jambo lisiloingia akilini, kwa hiyo nimerudishiwa kilomita. Nilikaa usiku mzima nikimwandikia aliyeniuzia ujumbe mrefu wenye maneno ambayo sasa nayaonea aibu. Kilichoniokoa ni kukiweka kistika mbele ya kamera ya simu kwa ajili ya kutafsiri, nikitafuta ushahidi zaidi dhidi yake, na neno la kwanza likatoka "Heisei". Kumbe Wajapani huandika mwaka mbele, na huuhesabu kwa enzi ya mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza mwaka 1989, hivyo mwaka wa 28 wa enzi hiyo ni 2016. Gari lilibadilishwa oili tarehe 12 Juni 2016. Ujumbe niliufuta, na namshukuru Mungu kwamba usiku ule nilikuwa sina bando.

Kilichobaki kunisumbua ni ile 5W-30. Ikiwa mwenye gari, aliye na gereji za maana na kitabu cha gari anachoweza kukisoma, alitia oili nyepesi, mimi nilikuwa natia nzito kwa hoja ipi? Kwa hoja ya joto, bila shaka, lakini joto gani? Tokyo mwezi Agosti huvuka nyuzi joto 35, na watu hawamwagi oili zao kukimbilia nzito. Injini iliyokwisha kupata moto hufanya kazi kwenye nyuzi joto 90 hivi, na themostati pamoja na feni huishikilia hapo hapo, uwe Kariakoo saa saba mchana au uwe Makambako na koti. Tarakimu ya pili, ile 30 au 50, huonyesha uzito wa oili ikiwa imepata moto, na hupimwa kwenye nyuzi 100. Mtengenezaji ameziacha nafasi kati ya vyuma vya injini akiwa na uzito fulani akilini, na joto la nje la Dar halizipanui.

Tarakimu ya kwanza, iliyoambatana na W, huhusu baridi, na W yenyewe imetokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Hapo ndipo tunapodanganyana kwamba sisi wa pwani haituhusu. Kwa injini, alfajiri ya Kimara yenye nyuzi 24 ni baridi, maana oili yoyote katika hali hiyo ni nzito mara nyingi kuliko itakavyokuwa baada ya nusu saa barabarani. Hata kwenye nyuzi 40, oili ya 20W-50 kwa kawaida ni nzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30. Zile kokoto zangu za alfajiri zilikuwa vyuma vinavyosuguana vikisubiri oili ipande juu ya injini, na ubaya zaidi, IST ina mfumo wa VVT-i, ambao hubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu kwa kutumia presha ya oili hiyo hiyo inayopita kwenye vijia vyembamba.

Basi nikaenda kununua 5W-30, na nikaingia mkenge. Kwenye duka moja mjini nilikuta dumu la jina kubwa likiuzwa kwa kama elfu thelathini hivi, wakati kituo cha mafuta kilikuwa kinataka karibu mara mbili. Nilijiona mjanja. Nyumbani nikaona kwamba ule utepe wa plastiki chini ya kifuniko umeachia kidogo upande mmoja, na tarehe ya kutengenezwa inafutika kwa kidole. Lakini shaka si ushahidi, na elfu thelathini si karanga.

Ndipo nikabuni jaribio ambalo hadi leo nalisimulia hata kwa wasioniuliza. Nilichukua chupa tatu tupu za dawa ya kikohozi, nikazikausha juani, nikatia vijiko vitano vya oili katika kila moja: ya kwanza ile 20W-50 ya zamani, ya pili 5W-30 niliyoombea kwa mwenzangu wa ofisini aliyenunua kituoni, ya tatu ile ya ujanja wangu. Nikazipanga kwenye friza, nyuma ya mfuko wa vibua, nikalala. Saa kumi na moja nikaamshwa na mke wangu akiwa ameshika chupa mkononi: "Baba Neema, hii ni dawa ya nani?" Nikamjibu ni ya gari. Alinitazama muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima.

Tulizilaza zote tatu juu ya sinia kwa pamoja, mwanangu akihesabu. Ile 5W-30 ya kituoni ilitiririka hadi kwenye mdomo wa chupa kabla hajafika nne. Ile 20W-50 ilijikokota kama asali ya Tabora, ikafika alipokuwa anakaribia thelathini. Ya tatu haikwenda popote. Ilikuwa imeshika chini ya chupa, nyeupe nyeupe, kama samli asubuhi ya Julai, na hata nilipoigeuza chupa juu chini ilining'inia pale pale. Oili ya 5W inatakiwa ipite hata kwenye baridi kali kuliko ya friza yoyote ya nyumbani, kwa hiyo chochote kilichokuwa ndani ya dumu lile, hakikuwa kilichoandikwa nje. Jaribio hili halikuambii kama oili ina dawa zake za kusafisha injini, ila mwongo wa namna ile humkamata. Dumu lililobaki nilimpa fundi seremala apake mbao za fensi dhidi ya mchwa. Chupa mke wangu alizitupa yeye mwenyewe, na friza iliwekewa sheria.

Sasa nanunua kituoni au kwa wakala anayetoa risiti, na kabla sijalipa nageuza dumu nyuma. Natafuta alama ya API, ya Taasisi ya Petroli ya Marekani, na herufi ya pili baada ya S: kadiri inavyosogea mbele katika alfabeti ndivyo kiwango kilivyo kipya. SN ilianza mwaka 2010 na SP mwaka 2020, na mpya hufaa gari la zamani la petroli. Bado kuna rafu za maduka yenye oili ya SF, kiwango cha injini zilizotengenezwa hadi mwaka 1988, na IST ya kwanza ilitoka kiwandani mwaka 2002. Oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA nayo iache kwa pikipiki, hata kama bodaboda aliyekuuzia anaapa.

Chujio nabadilisha kila mara, bila mjadala. Namwaga kila kilomita 5,000, wala si 10,000 kama wanavyojigamba wengine, kwa sababu kutoka Kimara hadi Posta si mbali, lakini siku mbaya huchukua saa mbili, na injini inafanya kazi hata dashibodi inapodai umesimama. Oili ikigeuka nyeusi baada ya wiki chache siitupi. Nyeusi hiyo ni uchafu ilioubeba, na kuubeba ndiyo kazi yake. Wenye injini inayokula oili kweli na kutoa moshi wa bluu wana haki ya kupanda hadi kwenye uzito mwingine ambao kitabu cha gari lao kinauruhusu. Yangu haikuwa na ugonjwa huo, ilikuwa imesingiziwa.

Kokoto za alfajiri zilikoma baada ya kumwaga mara mbili, na mafuta ya elfu hamsini, kwa bei za wakati ule, yalirudi kunifikisha Ijumaa. Fundi wa chini ya mwembe bado ndiye anayenimwagia, ila namletea dumu mwenyewe, na akifika lita tatu na nusu nainua mkono, tunasubiri, tunapima kwa kijiti, kisha tunaongeza kidogo kidogo. Kinachobaki nakwenda nacho nyumbani, naye hunung'unika kila mara.

Chini ya kistika cha Mjapani nimebandika changu: kilomita, 5W-30, na tarehe yenye mwaka mzima wa tarakimu nne, ili atakayelinunua gari hili asikeshe akiniandikia ujumbe.