Baa Zikifungwa, Toti Hukua

Uingereza, vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na pombe vilikuwa 7,565 mwaka 2019. Mwaka 2020, korona ikiwa imefunga baa kwa miezi kadhaa, vilifika 8,974. Anayedhani kufunga baa ni kufunga ulevi aanzie hapo.

Janga likiingia, wanywaji hugawanyika. Aliyekuwa akinywa kwa ajili ya wenzake hupunguza, hata huacha. Aliyezoea kunywa kila siku huhamishia chupa nyumbani, na nyumbani hakuna wa kumpimia. Toti ya mililita 30 ya pombe kali ya asilimia 40 ina kama gramu 9.5 za alkoholi. Mkono ukijimiminia glasini, mililita 100 hufika upesi. Anakuambia amekunywa glasi mbili tu, kumbe ni toti karibu 7. Mpe maji, amimine kama kawaida yake, kisha yapimeni. Hilo humzindua kuliko mahubiri.

Kinachonitia hofu zaidi ni marufuku ya ghafla ya kuuza pombe, kama ya Afrika Kusini mwezi Machi 2020. Wodi za majeruhi zilipata nafuu, na hilo si dogo. Ila kwa mraibu, ubongo uliozoea kutulizwa na pombe huwa umejiongezea kasi ili uhimili. Pombe ikikatika, breki imetoka na kasi imebaki. Ndani ya saa 6 hadi 24 mikono hutetemeka, jasho humtoka, usingizi hukata. Degedege linaweza kuja kabla ya saa 48. Kuanzia hapo hadi saa 96 wengine huweweseka, huona visivyokuwepo, presha na joto hupanda. Hali hii huua.

Kwa hiyo anayetetemeka asubuhi mpaka anywe, au aliyewahi kupata degedege, asiache pombe akiwa nyumbani peke yake. Kituo cha afya kitampa vitamini B1 na diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, kwa dozi zilizopimwa. Hiyo B1 itangulie dripu ya glukosi au iende nayo: mwili huitumia kuchoma sukari, na akiba ndogo ya mlevi ikiisha, ubongo huumia.

Pombe halali ikiadimika, ya magendo hujaza pengo. Iran mwaka 2020 methanoli, alkoholi yenye sumu, iliua mamia, wengine wakiamini pombe inakinga korona. Dalili zaweza kuchelewa saa 12 hadi 24. Macho yakiona ukungu, usisubiri kupambazuke, nenda hospitali na chupa yenyewe.