Kuhamisha re_comp na step kwenda regcomp

Programu nyingi za C za zama za BSD na System V hutafuta ruwaza (regular expression) kwa re_comp na re_exec, au kwa compile, step na advance za `<regexp.h>`. Mwaka 1997 Single UNIX Specification toleo la 2 ilizitia zote alama ya urithi (LEGACY, yaani za kizamani), na kiwango cha POSIX cha 2001 kikaziondoa. glibc, maktaba ya C ya GNU, katika toleo la 2.23 (2016) ilifuta `<regexp.h>`, kwa hiyo hapo kompaila inagoma mara moja. Afadhali hivyo.

re_comp ndiyo yenye hila, kwa kuwa glibc bado inayo, ila tangazo lake limefichwa nyuma ya makro `_REGEX_RE_COMP`. Usipoiweka, kompaila za kabla ya GCC 14 kwa kawaida hutoa onyo tu na kudhani re_comp inarudisha int. Kwenye mashine ya biti 64 pointa ya ujumbe wa kosa hukatwa, na printf ikijaribu kuisoma programu inaanguka. Isitoshe, ruwaza huhifadhiwa mahali pamoja kwa programu nzima: thredi moja ikiita re_comp, nyingine inatafuta kwa ruwaza isiyo yake.

Mbadala ni regcomp, inayoandaa ruwaza, na regexec, inayoitafuta:

```c
regex_t r;
int rc = regcomp(&r, ruwaza, REG_NOSUB);
if (rc != 0) { regerror(rc, &r, buf, sizeof buf); return -1; }
int ipo = regexec(&r, mstari, 0, NULL, 0) == 0;
regfree(&r);
```

Angalia huo `== 0`. re_exec na step hurudisha 1 zikipata. Regexec hurudisha 0. Ukibadili jina na hoja tu, kompaila haisemi kitu, na programu inachagua mistari yote isiyofaa.

Usiongeze REG_EXTENDED, bendera ya sintaksia pana, kwa mazoea. Ruwaza za zamani huandika `\(` kwa kundi, na `+` ni herufi tu. Pia re_comp(NULL) ilimaanisha “tumia ile ya mwisho kuandaliwa”. Regcomp haina kitu hicho, tunza regex_t mwenyewe. Na regcomp ndani ya kitanzi bila regfree huvujisha kumbukumbu.

Step huweka mwanzo na mwisho wa kilichopatikana katika loc1 na loc2. Kwa hiyo ondoa REG_NOSUB, inayozuia kurekodi mahali hapo, upitishe `regmatch_t m[1]`: p ikiwa pointa ya mahali utafutaji unapoanzia, loc1 ni `p + m[0].rm_so`, loc2 ni `p + m[0].rm_eo`. Kwa advance, inayolinganisha mwanzoni tu, kubali tu rm_so ikiwa 0. Ukiendelea kutafuta kwenye mstari uleule, peleka p kwenye loc2 na uweke REG_NOTBOL kuanzia mzunguko wa pili, la sivyo `^` itashika katikati. rm_so ikilingana na rm_eo, sogeza p herufi moja zaidi. Ukifika mwisho wa mstari, toka, maana ruwaza kama `x*` hukubali utupu.