Sikio Linapomdanganya Rubani

Nilipokuwa nikijifunza urubani katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, mwalimu wangu aliniambia siku moja nifumbe macho, nishike usukani, kisha nimweleze ndege inafanya nini. Nilimjibu bila kusita kwamba imenyooka, haipandi wala haishuki. Nilipofumbua macho, bawa la kushoto lilikuwa limeinama kuelekea ardhini na mshale wa kipimo cha mwinuko ulikuwa ukirudi nyuma. Anga siku hiyo lilikuwa jeupe kabisa, bila wingu.

Tangu hapo, nikisikia ndege ndogo imeanguka katika hali mbaya ya hewa, siwezi kusema upesi, kama wasemavyo wengi, kwamba rubani alikuwa mzembe. Humkumbuka John F. Kennedy Jr., mtoto wa rais wa zamani wa Marekani, aliyeondoka New Jersey jioni ya Julai 16, 1999, akirusha mwenyewe ndege yake aina ya Piper Saratoga, akiwa na mkewe na shemeji yake, akielekea harusi ya binamu yake. Alikuwa na uzoefu wa saa 310 hivi angani, lakini hakuwa na idhini ya kuruka kwa kutegemea vyombo pekee, yaani kusoma vipimo vya ndege bila kuona nje, na sheria haikumkataza kuondoka. Karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard, juu ya bahari yenye giza na utusitusi, maji na mbingu vilikuwa kitu kimoja. Rada ilionyesha ndege ikigeukia kulia na mwishowe ikishuka zaidi ya futi 4,700 kwa dakika. Wachunguzi walihitimisha kwamba hisia zake za mwelekeo zilipotea.

Upotevu huo hauna uhusiano na ujasiri. Ndani ya sikio mna mifereji mitatu yenye majimaji yanayoujulisha ubongo kwamba mwili unageuka. Lakini ndege ikizunguka kwa mwendo usiobadilika, majimaji hutulia, na rubani huhisi amenyooka. Akiinyoosha kweli, huhisi anaangukia upande wa pili, kwa hiyo huirudisha kulekule ilikokuwa. Akiona mwinuko unapungua, huvuta usukani, na kwa kuwa bawa bado limeinama, mzunguko huzidi kubana na ndege huzidi kushuka. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wasiofunzwa kuruka kwa vyombo: wote walishindwa kuimudu ndege, kwa wastani baada ya sekunde 178.

Sekunde 178 hazifiki hata dakika tatu, na ndiyo sababu naamini uamuzi wenyewe hufanywa chini, injini ikiwa bado imezimwa, wakati ambapo kinachomsukuma mtu kuondoka ni harusi, mkutano, au abiria aliyekwisha kufunga mkanda. Mwezi Julai, mawingu ya Nairobi hulala chini asubuhi nzima. Vilele vya vilima vya Ngong, karibu na jiji, visipoonekana, naifunga ndege kamba zake tena, kisha nampigia simu anayenisubiri.