Daftari Lililo Safi Kupita Kiasi

Kliniki tuliyoikagua leo, katika mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi, ni ya aina ambayo mkaguzi mgeni angeipenda mara moja. Leseni imetundikwa mapokezini mahali ambapo kila mtu anaiona, vyeti vya wahudumu vimepangwa katika faili moja, ndoo za taka zina mifuko ya rangi tatu kama inavyotakiwa, na visanduku vya kutupia sindano havijajazwa kupita robo tatu. Katika orodha ya ukaguzi wa pamoja tunayoitumia, iliyotolewa mwaka 2016, kila kipengele kina alama zake, na jumla ya alama hizo ndiyo huamua kama kituo kitarudiwa mapema au kitaachwa kiendelee na kazi kwa muda mrefu zaidi. Kufikia saa tano asubuhi, alama zilikuwa zimekusanyika kiasi cha kumfanya meneja aanze kutuagizia chai.

Ndipo nikaomba daftari la joto la jokofu la chanjo.

Chanjo zinazowekwa humo huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na kipimajoto husomwa mara mbili kwa siku, zikiwemo siku za mapumziko. Katika daftari hili kila mstari ulikuwa na nyuzi 5: asubuhi 5, jioni 5, Krismasi 5, Pasaka 5, kwa wino uleule na mwandiko uleule. Tangu Kenya nzima ilipokosa umeme usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nina mazoea ya kutafuta ukurasa wa usiku ule kabla ya mwingine wowote, kwa kuwa ni kama mtihani ambao hakuna aliyejua kwamba angeufanya. Jokofu maalumu la chanjo, lenye tabaka la barafu ndani ya kuta zake, lingeweza kustahimili saa zile za giza, lakini hili ni la kawaida, la kununuliwa dukani, na nilipouliza habari za jenereta niliambiwa kwamba mpango wa kuinunua upo. Hata hivyo, asubuhi ya tarehe 26 daftari lilisoma nyuzi 5.

Meneja aliona kwamba nasumbuka bure, akanionyesha alama ndogo iliyobandikwa kwenye chupa za chanjo, ile ambayo mraba wake wa katikati hubadilika rangi chanjo ikikaa kwenye joto. Alama hiyo ni msaada mkubwa, lakini hupima joto tu na haisemi lolote kuhusu kuganda. Chanjo ya pepopunda, kwa mfano, huharibiwa na kuganda, na ikiyeyuka inaweza kuonekana nzima kwa mtu asiyejua kuitikisa na kuilinganisha na nyingine. Katika jokofu la dukani hatari hiyo si ndogo, maana chupa ikisukumwa hadi ukutani, karibu na sehemu ya barafu, huweza kuganda usiku mmoja bila ya mtu kujua. Kinachobaki cha kumlinda mtoto ni namba iliyoandikwa kwa uaminifu na muuguzi aliyeinama akakitazama kipimajoto. Mzazi hana njia yoyote ya kugundua kwamba chanjo imeharibika, kwani mtoto atalia vilevile na kadi itajazwa vilevile.

Nakumbuka zahanati moja huko Dandora iliyopata alama za chini kuliko hii, kwa sababu ya ufinyu wa vyumba na choo kilichokuwa na mlango mbovu. Daftari lake lilikuwa na nyuzi 11 zilizoandikwa kwa kalamu nyekundu, na chini yake maelezo ya nani aliligundua jambo hilo, saa ngapi chanjo zilihamishiwa kwenye kisanduku cha baridi, na nani alipigiwa simu. Kama ningelazimika kuchagua, mwanangu angechanjwa kule. Mwenzangu katika timu hakubaliani nami. Yeye husema kwamba tukianza kupunguza alama kwa hisia, kila mwenye kliniki atatupeleka mahakamani, na pengine yuko sahihi.

Jambo la pili lilikuja kwa njia ya mazungumzo. Nilimuuliza muuguzi, mwanamke wa makamo aliyekuwa akihudumia foleni peke yake: "Sista, mgonjwa akishaenda nyumbani na majibu ya maabara yakaja jioni, ni nani anayeyasoma?"

"Huja kuyachukua mwenyewe, Daktari."

"Na asipokuja?"

Alivuta droo. Ndani mlikuwa na bahasha nyingi ambazo hazijafunguliwa, na miongoni mwake majibu ya figo ya mgonjwa wa shinikizo la damu anayetumia enalapril, dawa ambayo haifai kuendelezwa kwa muda mrefu bila kuiangalia figo. Bahasha ilikuwa na wiki kadhaa, na namba ya simu ya mgonjwa ilikuwa imeandikwa juu yake. Wakaguzi wa Care Quality Commission, chombo kinachosimamia ubora wa huduma za afya huko Uingereza, wanapokagua kliniki za madaktari wa familia, huingia katika rekodi za kompyuta na kutafuta wagonjwa wa namna hiyo, kwa mfano wanaopewa methotrexate, dawa inayohitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara, bila ya kupimwa. Kliniki zetu nyingi bado zinatumia kadi za karatasi, lakini droo hufunguka kwa mkono, na kadi chache zikichomolewa bila kuchaguliwa hueleza mengi kuliko kuta zilizopakwa rangi mwezi uliopita.

Sitaki kumlaumu Sista. Meneja alipotoka kupokea simu, Sista alinieleza kwa sauti ya chini kwamba muuguzi aliyemtangulia aliandika siku moja kwamba chanjo zimeharibika, na gharama yake ikakatwa katika mshahara wake. Baada ya hapo, ni nani angeandika nyuzi 11? Tunamkagua muuguzi, ilhali kilichoiandika ile 5 ni uamuzi wa mtu wa ofisini. Nasi wakaguzi tuna mkono wetu, kwa sababu mstari mwekundu tukiuona huwa tunapunguza alama kabla ya kusoma maelezo yaliyo chini yake.

Trei ya dharura ilikuwa sawa: adrenalini haijapitwa na wakati, na Sista alitaja kipimo cha mtu mzima, nusu ya miligramu kwenye msuli wa paja, bila kutazama ukutani.

Kabla ya kuondoka nilimwomba meneja kwamba bahasha zote za droo zifunguliwe na daktari leo hii, na wenye majibu mabaya wapigiwe simu. Yule mwenye majibu ya figo alipokea, atakuja Jumatatu. Alama za jumla sikuzigusa, kwa kuwa fomu hainipi ruhusa hiyo, lakini katika ukurasa wa maoni nilipendekeza kipimajoto kinachojirekodi chenyewe, mtu mmoja aliyetajwa kwa jina wa kufuatilia majibu, na marufuku ya kukata mshahara kwa hasara iliyoripotiwa. Nikaomba pia kituo kirudiwe mapema, bila taarifa. Mwenzangu alisita, akaisoma aya hiyo tena, kisha akatia sahihi.